Usingizi wa Mwanakheri

Kaeni mnisikilize, na mwenye kusinzia asinzie. Usingizi ni wake, alipewa na Mungu, wala hakuna mkubwa aliyemkopesha.

Iko nchi inaitwa Kesheni. Njia ya kwendea siisimulii, maana ni njia kama njia zote: mawe, vumbi, na askari wanaotaka kujua umebeba nini na kwa nini hukubeba zaidi. Mbaruku aliipita akafika asubuhi, na jambo la kwanza kuliona langoni lilikuwa harusi. Wanaume wanne wamebeba kitanda cha samadari kichwani, kimefungwa maua, wanakizungusha mtaani kwa ngoma. Nyuma yake wanafuata maharusi, macho mekundu kama makaa. Mbaruku akauliza kitanda kinakwenda wapi. Akaambiwa kinakwenda nyumbani kwa maharusi, kiegemezwe ukutani, wageni wakione.

"Na kulala?"

Ngoma ikanyamaza. Mwanamke mmoja akamziba mwanawe masikio.

Ndivyo alivyojua kwamba huko watu hawalali. Si kwamba hawawezi. Wanaweka akiba. Mtoto aking'oka jino la kwanza tu, anapelekwa Benki Kuu ya Usingizi. Dirishani anawekewa mto, anaegemeza kichwa, karani anambonyeza paji la uso, na usingizi wake wote unazama katika pamba ya ule mto. Mto unavishwa foronya aliyoitarizi mama yake, unapangwa rafuni, na mtoto anatoka nje akiwa raia kamili. Kuanzia hapo atakesha, na benki itamzidishia usingizi wake kidogo kidogo, mpaka siku atakapoutoa alale raha mustarehe. Siku hiyo kila mtu anaijua kwa jina. Hakuna aliyekuwa na jirani aliyeifikia.

Watu wa Kesheni wakikutana asubuhi huulizana, "Umekeshaje?" na jibu ni "Kwa faida." Mtu wa macho mekundu sana hupishwa njiani. Mafundi wao hujigonga vidole, wapishi hutia chumvi mara mbili, na mwaka mmoja hakimu alimfunga shahidi akampa mshitakiwa nauli ya kurudi nyumbani. Serikali ikasema hizo ni changamoto za maendeleo. Wakubwa ni wakubwa, hata huko.

Mbaruku hakwenda Kesheni kutembea. Alikuwa mgane. Mkewe, Zuwena, alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na kila alipoomba mapumziko mwalimu mkuu alimwambia, "Mwakani, mama." Likizo yake ya kwanza aliipata kaburini. Mbaruku alimzika akiwa na maneno mengi kifuani kwa ajili ya mwalimu mkuu, na bodi ya shule, na waliomteua mwalimu mkuu, na waliowateua walioteua. Lakini lililomchoma zaidi ni kwamba mdogo wa marehemu, Mwanakheri, ndugu yake pekee wa tumbo moja, hakuja mazikoni. Huyo aliolewa Kesheni, akaachika, akabakia huko. Kisha zikaja habari kuwa anaumwa. Mbaruku akajisemea, huyu ndiye uso wa mwisho wa Zuwena uliobaki duniani. Hata kama nimeudhika naye, nitakwenda.

Alimkuta uani anakoroga chai. Alikuwa amebaki mifupa na kanga, na mkono ulivyotetemeka kijiko kilipiga ngoma kwenye kikombe.

"Hodi hapa."

"Karibu, umeke... Shemeji! Shemeji Mbaruku, ni wewe? Umekeshaje?"

"Sikukesha. Nimelala njia nzima, kila palipokuwa na kivuli."

"Sauti, shemeji, sauti! Majirani." Akamvuta ndani. Akamtazama usoni akacheka. "Yaani unatembea barabarani na macho meupe hivyo, kama samaki wa juzi. Umenivunjia heshima mtaa mzima."

"Na yako kama pilipili zilizosahauliwa juani. Heshima gani hiyo? Lete chai."

Akapewa chai. Ilikuwa na chumvi. Akainywa yote, kwa kuwa ni mkono wa mdogo wake Zuwena, halafu akauliza alichokuja nacho.

"Mbona hukuja kumzika dada yako?"

Mwanakheri akawa anakunja pindo la kanga na kulikunjua. "Nilikwenda benki kuomba ruhusa," akasema. "Wakaniambia kulia si tatizo, nilie nipendavyo. Lakini msibani watu hulala mkekani. Na mkataba unasema nikipata hata lepe moja la usingizi nje ya benki, amana yote inahesabika nimeivunja. Wangenikata faida yote, na mtaji wangenirudishia kwa usingizi wa mchana wenye nzi. Shemeji, ni akiba ya tangu nilipoolewa!"

"Mganga amesemaje?"

"Mganga wa hapa ni mtu wa maneno mengi."

"Amesemaje, Mwanakheri?"

"Amesema mwili umekwisha. Nisipolala juma hili, nitalala usingizi ambao benki hawana rafu yake." Akatabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Lakini kumbe Mungu si Athumani! Amana yangu inaiva kesho."

Basi, Mbaruku alidhani mambo yamekwisha. Akajinyoosha kwenye mkeka, akalala kama mtu aliyeachiwa huru. Alipoamka asubuhi ya pili alikuta ua umejaa majirani waliokuja kumtazama.

"Alikoroma?" mmoja alikuwa akiuliza.

"Alikoroma bure kabisa! Bila faida!"

"Masikini. Na mtu mzima vile."

Wakaenda benki. Jumba lile lilikuwa kubwa kuliko msikiti na soko kwa pamoja, na ndani hakuna kiti hata kimoja, maana kiti ni kishawishi. Watu walisimama kwa safu, wanayumba kama mahindi. Nje, katikati ya uwanja, palikuwa na mlingoti wa bendera, na hapo ndipo Mbaruku alipofahamishwa sheria. Amana ikiiva, mlango wake unakuwa wazi siku hiyo moja tu, mpaka kivuli cha mlingoti kiguse lango. Kikishagusa kabla mwenyewe hajachukua mto wake, amana inajifunga yenyewe upya, kwa muda uleule wa mwanzo, kwa faida ya siku hiyo. Na faida ya siku hiyo haijawahi kuwa kubwa kuliko ya jana.

"Sasa ngoja ngoja ya nini?" Mbaruku akasema. "Chukua mto twende."

"Huwezi kuchukua hivihivi, shemeji. Lazima kwanza nilinganishe."

Ndiyo sheria ya pili. Hakuna anayeruhusiwa kutoa usingizi wake mpaka aelezwe amana zote zilizopo, azilinganishe, kisha atamke mbele ya mashahidi: "Nimelinganisha." Anayetoa bila kulinganisha anaitwa mlalaji, na huko hilo ni tusi ambalo watu wamechomana visu kwa ajili yake.

Walinganishi wao walikuwa wawili, Bwana Tamimu na Bibi Kulthumu, nadhifu, macho meupe pe. Mbaruku aliyaona macho yale akayaweka moyoni.

Bwana Tamimu akaanza, bila haraka, kama mtu anayelipwa kwa neno. "Tuna Amana ya Mvua Moja. Unafunga mpaka mvua ijayo, kila usiku unazaa malepe mawili. Tuna Amana ya Mavuno Matatu, malepe manne. Na tuna Amana ya Mjukuu, malepe matano, ila unaifunga mpaka mjukuu wako aote ndevu."

"Hana hata mtoto," akasema Mbaruku.

"Basi ana muda wa kutosha," akajibu Bwana Tamimu. "Mimi binafsi namshauri mteja achukue fupi. Fupi inakuachia mikono huru. Faida ikipanda kesho, wewe unaikamata."

"Astaghfirullahi," akadakia Bibi Kulthumu. "Usimpotoshe mama wa watu. Ikishuka je? Ndefu ndiyo ngome. Ukiifunga ndefu, dunia ipinduke, malepe yako matano yako palepale."

"Yako palepale, lakini usiku wenyewe je? Serikali imefupisha usiku mara mbili tangu masika! Usiku wa mwaka ule ulikuwa usiku. Wa mwaka huu unakwisha jogoo hajajikuna. Akifunga ndefu, atapewa usiku mwingi ambao kila mmoja hautoshi kugeuka ubavu."

"Ndiyo sababu anahitaji mwingi zaidi!"

Watu kwenye safu wakaanza kugawanyika. Wengine wakapiga kelele "Fupi! Fupi!" na wengine "Ndefu ndiyo ngome!" Ilikuwa wazi kwamba ugomvi huu ni wa zamani, una wimbo wake, una makovu yake. Mzee mmoja aliyeshikwa mabega na wanawe wawili ili asianguke alisema amelinganisha tangu ujana wake, na sasa anakaribia kuona mwanga. Mwanakheri naye alikuwa ameingia ugomvini. Anahesabu kwa vidole, midomo inacheza, yale macho mekundu yamepata uhai. Nje, kivuli kilikuwa kimeshavuka nusu ya uwanja.

"Samahani," Mbaruku akasema kwa sauti ya kumfukuza mbuzi. "Mimi sikusoma. Kati ya hizo amana tatu, ipi ndiyo ile mtu anachukua usingizi wake, anakwenda nyumbani, analala?"

Bwana Tamimu na Bibi Kulthumu wakatazamana, na kwa mara ya kwanza walikuwa upande mmoja.

"Hiyo si amana, mzee," akasema Bibi Kulthumu kwa upole. "Hilo ni lengo la amana."

"Kwa hiyo haiwezi kulinganishwa," akasema Bwana Tamimu. "Haina faida. Utailinganisha na nini?"

Watu wakacheka wakamwonea huruma. Hapohapo kengele ikapigwa, na tarishi akabandika ukutani tangazo jipya: Amana ya Pekee ya Mwezi Mpungufu, malepe saba, leo tu.

Mwanakheri akashika kifua. "Saba!"

"Hesabu ya mwanzo sasa imebatilika," akatangaza Bwana Tamimu. "Tunalinganisha upya, zote nne. Ingawa, mama, hii ya saba ni kwa usingizi mpya tu, usiowahi kuwekwa. Kwa mfano," na hapa akamgeukia Mbaruku, akayatazama macho yake kama mchinjaji anavyotazama nundu ya ng'ombe, "mzee huyu. Huyu ana usingizi ambao haujaguswa. Akiuweka huo, na wewe shemeji yake tunakupandisha daraja. Utahudumiwa kwenye zulia."

Mbaruku akacheka, na kicheko kilimtoka vizuri. "Mimi, bwana, nimeshawapa wakubwa wa kwetu mke wangu mzima. Usingizi wangu ndio kitu pekee walichosahau kukiomba. Nyinyi hamtakuwa wa kwanza."

"Shemeji, saba," Mwanakheri akamnong'oneza. Alikuwa amemshika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi kama vya maiti. "Weka kidogo tu. Usiku wa Ijumaa tu. Unifanyie mimi. Mavuno matatu tu, kisha nitalala kama malkia."

"Mwanakheri, juma hili hulimalizi."

"Wewe unaniombea mabaya! Umekuja kwangu na hasira zako za mazikoni. Mimi si dada, mimi najua kupanga mambo yangu!"

Akamwacha mkono. Mbaruku akatazama nje: kivuli kilikuwa hatua chache kutoka langoni. Angeweza kumbeba mabegani, lakini mto ungebaki rafuni, na mtu asiye na mto wake analazwa wapi?

Ni Bibi Kulthumu aliyefungua mlango bila kujua. Alipoona mteja ametatizika, akapendekeza kile wanachokipendekeza siku zote, dawa ambayo haijawahi kushindwa: mteja apelekwe akauone usingizi wake unavyofanya kazi. Maana benki haiweki usingizi ukae bure kwenye rafu, la. Inawakopesha watu wa kuaminika, na faida inatoka humo. Hili halikuwa siri, lilikuwa fahari. Nyuma ya dirisha la nakshi kilikuwapo chumba chenye zulia, na wateja hupelekwa pale kuchungulia, na wakishachungulia wote hutoka wakifunga upya.

Wakachungulia. Juu ya kitanda kipana, kati ya mito iliyorundikwa kama magunia ghalani, alilala Mheshimiwa Mdhamini Mkuu wa benki. Mwanaume mnene, kipara, uso laini kama wa mtoto aliyetoka kunyonya. Alikuwa hajaamka tangu vuli.

"Amana zenu ziko imara," akanong'ona Bibi Kulthumu. "Msikieni anavyokoroma. Ule ni uthabiti."

"Ona, shemeji!" Mwanakheri akasema, na Mbaruku akashangaa kuona ana fahari ya kweli. "Ile ya juu kabisa, aliyoilalia shavu! Foronya yenye kasuku wawili. Ni yangu! Kati ya mito yote ile, anaulalia wangu!"

Mheshimiwa akajigeuza. Akaguna. Kisha akasema, kwa sauti nyembamba isiyofanana na kifua chake, "Da Zuwe."

Mwanakheri akashika nakshi za dirisha.

"Da Zuwe, taratibu basi. Unanivuta." Mheshimiwa akacheka usingizini, cheko la msichana. "Hadithia tena ile ya mwalimu mkuu alivyoanguka na sufuria."

Duniani kote hakuna aliyemwita Zuwena hivyo ila mtu mmoja. Mbaruku akamtazama Mwanakheri. Yeye mwenyewe alikuwa akimwota mkewe mara mojamoja, na kila mara alimwona amevaa viatu, ana haraka, kama mtu aliyepita kusalimu tu akielekea kwingine. Sasa alijua alikokuwa akielekea. Marehemu alikuwa anakwenda Kesheni kumtazama mdogo wake ambaye hakuja mazikoni. Anakwenda mbali kote huko, anafika, anaingia ndani ya usingizi wa Mwanakheri, na aliyemo humo ni mkubwa.

"Anakuja," Mwanakheri akasema. Hakuwa akimwambia mtu. "Dada anakuja kwangu. Nami sipo."

Akageuka. Mtu aliyekuwa akiyumba sasa alisimama wima kama mchi. Akarudi ukumbini, mbele ya safu zote, akasema, "Nataka mto wangu."

"Mama, bado hujalinganisha," akasema Bwana Tamimu.

"Nimelinganisha."

"Zote nne?"

"Nimelinganisha usingizi wangu nikilala mimi na usingizi wangu akilala yeye. Andika kwa jina lolote unalotaka. Nimelinganisha!"

Neno lilikuwa limetamkwa, na mashahidi walikuwa ukumbi mzima. Bibi Kulthumu akageuka rangi. "Sheria imetimia," akakiri. "Lakini mto uko chini ya Mheshimiwa. Na Mheshimiwa haamshwi."

"Kuna sheria inayokataza kumwamsha?" Mbaruku akauliza.

"Haipo. Haijawahi kuhitajika."

"Basi leo pia haihitajiki."

Mbaruku akapita katikati ya walinzi, ambao walikuwa wamesinzia kwa macho wazi tangu mwaka jana, akaingia chumba cha zulia, akamshika Mheshimiwa kidole gumba cha mguu, akakivuta kama anavyovutwa mtu aliyechelewa daku. Mheshimiwa akaketi. Akatazama huku na huku, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Yuko wapi? Yuko wapi yule mama? Alikuwa ananisuka. Alikuwa amebakisha upande mmoja!" Akajipapasa kichwa kitupu.

Kwa muda mfupi Mbaruku karibu amwonee huruma. Karibu tu. Akauchomoa mto wa kasuku, akatoka nao.

Mwanakheri hakusubiri kufika nyumbani. Aliuweka mto sakafuni palepale, katikati ya ukumbi wa Benki Kuu ya Usingizi, akajilaza ubavu, na kabla hajamaliza kuvuta kanga miguuni alikuwa ameshakwenda. Watu wakavunja safu, wakazunguka. Wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona mtu wa kawaida amelala. Yule mzee aliyeshikwa na wanawe akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia ya choo katika nyumba ya wakwe, mto wake yeye uko rafu gani. Hakuna karani aliyemjibu, lakini aliuliza tena, kwa nguvu kidogo.

Nje, kivuli kiligusa lango. Kengele ikalia. Bwana Tamimu akaja mbio na karatasi mkononi, wino haujakauka.

"Mzee, mwamshe mara moja! Wakurugenzi wamepitisha amana mpya, Amana ya Waliorudi, malepe manane. Akiitia sahihi sasa hivi tunasamehe yote."

Mbaruku alikuwa amechuchumaa kando ya shemeji yake. Mwanakheri alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, taratibu, shingo imelegea, kama msichana aliyekaa katikati ya magoti ya mtu anayempasua nywele kwa kitana. Midomo yake ikatikisika. Akacheka.

"Subiri nje, bwana," Mbaruku akasema, bila kuinua sauti wala macho. "Ana mgeni."